Watoto Waliosimama Njoro

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Mtu aliyefundisha watoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kucheza mpira, wengine hata kupenga kamasi hawajajua, huyo ameshaona yote. Nimeona mtoto akiupiga mpira kwa nguvu zake zote, mpira ukabaki pale pale na ukucha ndio ukaruka. Nimeona golikipa akiliacha goli wazi na kwenda kulia miguuni kwa mama yake, kwa sababu mama alipita na mdogo wake mgongoni na wivu ukamshika. Nimeona mbwa akikimbia na mpira wa ngozi mdomoni kuelekea ziwani, timu mbili nzima zikimfuata, na refa mbele yao wote. Huyo mbwa simlaumu. Mpira tulikuwa tumeupaka mafuta ya kondoo ili ngozi isipasuke.

Kwa hivyo nyinyi vijana mnaoichukua kazi hii, mkiniuliza mtakuta nini pale uwanjani, nitawaambia bila kubahatisha. Nimesoma hadi darasa la pili, na hilo la pili lenyewe ng'ombe wa baba walilikatiza katikati. Lakini mkinitafutia mtu mwingine hapa Nakuru aliyetoa wachezaji kutoka kwa watoto wasio na viatu, waliokuwa wanachezea matambara, mtatembea mpaka mchoke.

Mpira nilijifunza Milimani, mtaa wa Wazungu, nikikata majani. Nilikuwa kijana mgeni kutoka Maragoli, na Mzungu aliyeniandika alikuwa na watoto wawili wenye mpira wa ngozi. Wao wanaupiga kwenye maua, mimi naurudisha. Huko kurudisha ndiko kulikuwa shule yangu. Nikiupiga kwa ncha ya kidole, unaenda kwa mbwa. Nikiupiga kwa ubavu wa mguu, hapa ndani karibu na kifundo, unaenda pale jicho lilipoangalia. Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe, na mpaka leo jambo la kwanza ninalomwambia mtoto ni hilo: kidole ni cha kuhesabia, ubavu ni wa kupigia.

Kutoka Milimani nikaingia yadi ya reli kupakia magunia, na nikapewa chumba kwenye landhi. Pale ndipo kazi yenyewe ilinipata. Watoto wa landhi walikuwa na tabia ya kuingia chini ya mabehewa kufagia mahindi yaliyomwagika. Mama anapata uji, mtoto anapata sifa, na behewa halina macho. Mtoto mmoja, Barasa, mwana wa fundi wa breki, gurudumu lilimkata vidole viwili vya mguu wa kulia. Baada ya hapo wakubwa wakatafuta mtu wa kuwashika watoto jioni wasikaribie yadi. Wakauliza nani anaweza. Watu wakaangalia viatu vyao. Mimi nikasema, "Mimi naweza." Sikuwa nimeshika hata mtoto mmoja, lakini ningengoja nijue, mpaka leo ningekuwa napakia magunia.

Siku ya kwanza karani wa ofisi alinipa mpira mmoja na watoto kama arobaini. Nikautupa katikati. Jamani! Walikwenda kama nyuki waliotupiwa jiwe. Vumbi la Nakuru mnalijua, lile jeupe linaloingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Lilipotulia nikakuta watatu wanalia, wawili wanapigana, na mpira uko peke yake pembeni, hakuna anayeutazama.

Ukutani alikuwa ameketi Mzee Wesonga, aliyekuwa gadi wa treni miaka mingi kabla ya kustaafu. Akaniita.

"Jairo, unawafundisha au unawafukuza?"

"Nawafundisha, mzee."

"Wewe umeona wapi treni moja ikivutwa na watu arobaini?"

Kesho yake kila mtoto alikuja na matambara yake na kamba ya katani, tukakaa chini tukashona. Kila mtoto mpira wake. Hilo liandikeni. Mtoto anayengojea zamu hajifunzi mpira, anajifunza kungojea.

Mzee Wesonga akaniletea bendera yake ya kijani na filimbi yake ya kazi. Hapo ndipo nikatunga treni, na treni hii ni yangu, msikubali mtu mwingine aseme ni yake. Watoto wanasimama mstari mmoja, kila mmoja na mpira mguuni. Wa mbele ni dereva. Bendera ikipepea, treni inatoka Nakuru, mpira unaguswa kidogo kidogo, kulia, kushoto, kulia. Ukiacha mpira wako ukimbie mbele, umegonga behewa la mwenzako, unarudi nyuma kabisa. Filimbi ikilia, wote wanaweka wayo juu ya mpira, tuli. Tumefika Njoro. Mimi napita nikikagua. Mpira wa nani unatikisika? Huyo anashushwa. Bendera tena, tunakwenda Elburgon, na pale kuna kilima, kwa hivyo kila mtu polepole, anapumua kama injini. Ukifika Molo bila kushushwa, wewe ni fundi. Watoto wa watu wa reli hawahitaji kuelezwa mchezo huo mara mbili.

Kisha kuna hodi. Ukitaka kufundisha kupasiana, usimwambie mtoto apasie. Mwambie abishe hodi. Mawe mawili ni mlango. Mwenye mpira anapiga kelele, "Hodi!" Mwenzake anayetaka kupokea anaitika, "Karibu!" Ndipo mpira unapita mlangoni kwa ubavu wa mguu. Ukipiga kabla hujakaribishwa, wewe ni mwizi, na watoto wote wanakuzomea. Ukikaribisha halafu mpira ukakupita, umemwacha mgeni nje kwenye mvua. Akina mama walikuwa wakisikia "Hodi! Karibu!" jioni nzima, na mke wangu, Mama Rasoa, akaniambia, "Baba Rasoa, kelele za hodi zimejaa landhi nzima, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeleta sukari."

Na kuna mwewe na vifaranga: mmoja hana mpira, anawinda, na wengine wanaficha mipira yao kwa mgongo na makalio. Na kuna maziwa ya Dundori, ambapo unakimbia na mpira kama mama aliyebeba kibuyu kilichojaa: huruki, hutetemeki, ukiuacha zaidi ya hatua moja umemwaga. Mtoto hajui kama anafundishwa. Anadhani ananishinda mimi.

Miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, ya pasi na vibali, na watu wachache wakisimama pamoja waliulizwa. Jioni moja askari akaja, akawaona watoto wangu wamejipanga nyuma ya bendera.

"Mkutano huu una kibali?"

"Si mkutano, afande. Ni treni."

"Inakwenda wapi?"

"Molo."

Akafikiri. "Na hao wote wana pasi ya kwenda Molo?"

Nikamwambia wana tikiti. Akabaki pale mpaka mwisho, na Elburgon akamshusha mtoto mmoja yeye mwenyewe, kwa haki kabisa, mpira ulikuwa umetikisika.

Sasa Barasa, yule wa vidole. Vijana, kazi ngumu si mtoto asiyejua. Kazi ngumu ni mtoto anayeogopa. Alikuwa anakuja, anasimama, mguu wa kulia ameuficha nyuma ya wa kushoto. Mpira ukimfikia anaruka kama amekanyaga kaa la moto. Wenzake wakamwita Nusu Kiatu. Sikuwachapa, nilifanya kitu kibaya zaidi: nilimfanya dereva.

"Mwalimu, mimi siwezi. Sina vidole."

"Nani alikwambia treni inasimama kwa vidole? Baba yako anatengeneza nini?"

"Breki."

"Breki ya mtu iko kwenye wayo. Wayo unao?"

Akauangalia mguu wake kama mtu anayeangalia kitu alichokopeshwa. Akauweka juu ya mpira wa matambara. Miezi michache baadaye hakuna mtoto wa landhi aliyeweza kuusimamisha mpira kama Barasa. Ungesema mpira umepigiliwa msumari. Na chini ya mabehewa hakwenda tena, wala wenzake, maana saa ya kufagia mahindi ndiyo ilikuwa saa ya kwenda Molo.

Halafu filimbi ya Mzee Wesonga ikaharibika. Kile kipunje cha ndani kilitoka, ikawa inapumua tu kama mzee anayepanda ngazi. Mtu mwingine angeomba nyingine ofisini na kungoja. Mimi nikatumia akili. Uwanja ulikuwa umepakana na yadi, na injini ya kupanga mabehewa ilikuwa inapiga honi jioni yote. Nikawaambia watoto, "Kuanzia leo, injini ikilia, mmefika stesheni." Ikawa bora kuliko filimbi! Hawakujua itakuja lini, wala mimi sikujua, kwa hivyo masikio yalikuwa wazi na mpira uko karibu wakati wote. Mzee Wesonga akatikisa kichwa.

"Jairo, injini hiyo si yako."

"Mzee, inalia bure. Kitu cha bure ni cha aliyekiona."

Tukaenda hivyo mpaka siku Bwana Msimamizi wa landhi alipokuja uwanjani, Mzungu mrefu mwenye kiko kisichowaka. Alisema Kiswahili chao kile.

"Jairo, mimi nataka hii kiwanja. Iko mbao mingi ya zamani, natoka chini ya reli. Nataka weka hapa."

Nikaogopa. Si kwa ajili ya mpira peke yake. Uwanja ukijaa mbao, watoto watarudi wapi jioni? Chini ya mabehewa. Nikamwambia, Bwana, watoto hawa ni wachezaji sasa, leta watoto wowote wa mkoa huu tuone. Akacheka. Alikuwa mtu wa michezo, na rafiki yake alikuwa na shamba kule Rongai lenye shule, na shule ina timu.

"Haya. Toto yako nashinda Rongai, kiwanja nakaa. Toto yako napigwa, mbao nakuja Jumatatu."

"Bwana, ndiyo," nikasema, na nikamwambia achague mahali pengine pa mbao mapema, asije akahangaika.

Mchezo uliwekwa Jumamosi alasiri. Hilo nilichagua mimi, kwa sababu Jumamosi baada ya chakula yadi inalala. Injini inapoa na madereva wako kwenye pombe. Mnaona sikuwa mjinga.

Watoto wa Rongai walikuja na lori la magunia, na mwalimu wao Kiptoo, kijana mrefu, mpole, amefunga tai. Watoto wake walikuwa warefu kuliko wangu na wenye mbio. Wanapiga mpira mbele, wanaufuata kama ndama wamefunguliwa. Mimi nikatabasamu. Landhi yote ilikuwa pale, na akina mama wamebeba viti, na Bwana Msimamizi na bibi yake wako chini ya mwavuli.

Rongai wakafunga kwanza, kwa mbio tu. Kisha watoto wangu wakaanza kubisha hodi. "Hodi!" "Karibu!" "Hodi!" "Karibu!" Rongai wakawa wanageuka huku na huku kama watu waliopotelewa na nyumba. Tukasawazisha. Bibi wa Msimamizi akapiga makofi na glavu zake mikononi. Mama Rasoa akasimama juu ya kiti akapaza sauti, "Mgeni ameingia! Mpeni uji!"

Muda ukaenda, tukiwa bao moja kwa moja. Zilibaki dakika za mwisho, refa alikuwa ameshaangalia saa yake. Hapo Barasa akapokea mpira katikati, akafanya maziwa ya Dundori, akampita wa kwanza, akamficha wa pili mpira kwa mgongo kama kifaranga mbele ya mwewe, na mbele yake hakuna mtu. Golikipa wa Rongai alikuwa ameanguka. Goli liko wazi kama mlango wa kanisa. Mimi nilikuwa nimeshamgeukia Bwana Msimamizi nimwone uso.

Injini ikalia.

Treni ya mahindi iliyochelewa, haijulikani ilichelewa kwa nini, ilikuwa inaingia yadi. Honi moja ndefu, safi. Na watoto wangu wote, wote kabisa, wakasimama tuli. Golikipa wetu akasimama. Walinzi wetu wakasimama. Na Barasa, hatua chache kutoka goli, akaweka wayo wake wa kulia juu ya mpira, mgongo wima, na mpira haukutikisika hata kidogo.

Mtoto wa Rongai akamkaribia Barasa polepole, akamtazama usoni, akauchomoa mpira chini ya mguu wake. Akaanza kutembea. Alipoona hakuna anayemfuata akakimbia, akapita kati ya watoto wangu kama mtu anayepita kati ya miti ya mikalatusi, akafunga. Refa akapuliza ya mwisho.

Bwana Msimamizi akaja mbio uwanjani, kiko mkononi. "Kwa nini nasimama? Wewe! Toto! Kwa nini nasimama?"

Barasa akamtazama kwa heshima. "Tuko Njoro, Bwana."

Landhi ikaanguka kwa kicheko. Hata akina mama waliokuwa wanalia walicheka. Mimi sikucheka. Nilisema kwamba hakuna kitu cha kunishangaza. Basi hicho kilinishangaza, nakubali. Lakini nataka muelewe vizuri. Mafunzo hayakukosea. Nionyesheni jeshi gani lingesimama hivyo, goli likiwa wazi mbele yake! Kilichokosea ni treni ya mahindi.

Kiptoo akanijia na tai yake. "Mzee, ushindi wa namna hii sitaki. Nitamwambia yule Bwana bao lifutwe."

"Usiseme kitu," nikamwambia. "Bao ni bao. Watoto wako watalia njia nzima ukilifuta."

"Basi nifundishe hiyo hodi."

Nikamfundisha pale pale, huku watoto wake wanapanda lori. Barasa akaja akanishika shati.

"Mwalimu, ningeendelea?"

"Hapana. Honi imelia, umesimama. Wewe hukukosea."

"Sasa mbao zitakuja?"

Nikamwambia mbao ni kazi yangu, aende akale. Maneno hayo yalitoka mdomoni kabla sijajua maana yake, kama kawaida yangu. Jumapili kanisani sikusikia hata somo.

Jumatatu asubuhi nikawa wa kwanza ofisini. Bwana Msimamizi alikuwa ameshaagiza mkokoteni. Sikuomba huruma, kwa sababu mapatano yalikuwa mapatano na mimi ndiye niliyefungua mdomo mkubwa. Niliuliza swali moja tu. "Bwana, hizo mbao mnaziweka pale za nini?"

"Nangojea mtu ya kununua."

"Akipatikana mtu leo?"

"Leo? Leo hapana haja ya kiwanja." Akaniangalia. "Nani nanunua mbao ya namna hii? Iko mafuta, iko mavumbi, fundi nakataa."

"Mimi."

Akamwita karani, na karani akaniangalia kama mtu aliyekuja kununua ukungu. Pesa nilikuwa nazo nyumbani, ndani ya kopo la unga, za mabati ya nyumba yangu ya Maragoli. Mama Rasoa alinikuta nikilifungua.

"Baba Rasoa, unapeleka wapi mabati yangu?"

"Uwanjani."

"Mabati uwanjani?"

"Mbao. Mabati yamekuwa mbao."

Akalishika kopo lile kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Na watoto watacheza leo?"

"Jioni hii."

"Basi peleka kabla sijapata akili." Mvua iliyofuata kule Maragoli ilipita kwenye nyasi za nyumba ile na kumnyeshea mama mkwe wangu kitandani, na hilo nimelisikia kwa miaka.

Mbao zile hazikukanyaga uwanja, isipokuwa zile nilizozitaka mimi. Magoli yetu yakawa ya mbao, mazito, hata ng'ombe akijikuna hayaanguki. Viti vya akina mama vikawa vya mbao. Wajane wa landhi walipasua nyingine za kuni, ingawa zilitoa moshi mbaya. Mkulima mmoja wa Dundori alinunua zilizobaki kwa nguzo za ua wa shamba lake la viazi. Jioni ya Jumatatu ile nilipeperusha bendera, watoto wakatoka Nakuru, na yadini hakukuwa na mtoto hata mmoja. Filimbi mpya niliomba ofisini, nikangoja, ikaja.

Sasa nimestaafu, na nasikia watu wakisema uwanja ule tuliachiwa kwa sababu Bwana Msimamizi alikuwa na roho nzuri. Sikatai, roho nzuri alikuwa nayo, na mwisho alikuwa akija kutazama hodi kila Alhamisi. Lakini nyinyi mnaoingia kazini mjue bei ya kitu mnachokanyaga. Ukihesabu mbao zote, ukaongeza ya mkokoteni, ukatoa alichonilipa yule wa Dundori, uwanja ule ulinigharimu shilingi mia moja arobaini na tatu na senti hamsini.